Kupanga safari ya mbizi visiwani kuwaona wakubwa wa baharini: anza na mnyama, kisiwa baadaye

Watu wengi huipanga safari hii kinyumenyume. Wanaona picha ya kisiwa chenye mchanga mweupe, wanakata tiketi kwa wiki ile ile waliyopewa likizo, na wakishafika ndipo wanauliza: "Haya, papa potwe wako wapi?" Wanaambiwa waliondoka mwezi uliopita. Au hawajafika. Au hawapiti kabisa upande huo wa bahari.

Samaki wadogo wa matumbawe hawana shida hiyo. Ukienda leo au mwakani utawakuta palepale. Wakubwa ni wasafiri. Wanafuata chakula, wanafuata wenza, wanafuata maji ya joto linalowafaa. Ndiyo maana nashauri upangaji uende kwa mfuatano huu: mnyama, msimu, uwezo wako, kisha kisiwa. Hoteli na tiketi ya ndege vije mwisho, hata kama vidole vinakuwasha.

Hatua ya 1: Taja mnyama mmoja

Usiseme "nataka kuona samaki wakubwa." Taja jina. Anayetaka kuona wanyama watano katika safari moja hupelekwa mahali ambapo kila mmoja wao huonekana kwa bahati. Chagua mmoja wa kumfuata. Wengine wakitokea, hiyo ni nyongeza.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hupita mita 12 akikomaa, ingawa wengi wanaoonekana na wageni ni vijana wa mita 5 hadi 8 hivi. Anachuja planktoni (vijimea na vijinyama vidogo vinavyoelea majini) na vidagaa, na mara nyingi hula karibu kabisa na uso wa maji, kwa hiyo huhitaji mtungi wa hewa kumwona: miwani, snokeli (bomba la kupumulia juu ya maji) na mapezi ya miguuni vinatosha. Kwa anayeanza, au mwenye familia isiyopiga mbizi, sioni mnyama bora kuliko huyu. Mafia nchini Tanzania na atoli (mviringo wa visiwa na matumbawe) ya Ari Kusini huko Maldivi ni sehemu mbili ambazo kuja kwake si kubahatisha.

Manta, wale taa wakubwa wenye mabawa, wako wa aina mbili, na kuzichanganya ni rahisi kwa sababu hata wanasayansi walizihesabu kuwa moja mpaka 2009. Manta wa miamba hufika upana wa mita 5 hivi kutoka bawa hadi bawa na hukaa karibu na visiwa: Maldivi, Komodo nchini Indonesia, Yap huko Mikronesia. Manta wa bahari kuu hufika mita 7. Huyo mfuate kwenye visiwa vya mbali kama Revillagigedo vya Meksiko, ambako ana sifa ya kumkaribia mzamiaji mwenyewe na kumzunguka.

Papa nyundo kwa makundi, mamia wakipita juu ya kichwa chako, ni habari ya Pasifiki ya mashariki: visiwa vya Darwin na Wolf katika Galápagos ya Ekwado, kisiwa cha Cocos cha Kostarika, na Malpelo ya Kolombia. Si mahali pa kujifunzia kuogelea. Wapo pia papa wenye mkia mrefu wa Malapascua, Ufilipino, ambao hupanda kutoka kilindini alfajiri. Papa wakubwa wenye milia wa Fuvahmulah, Maldivi. Na nyangumi wenye nundu wanaozalia Tonga kati ya Julai na Oktoba, hao nao wa snokeli tu.

Hatua ya 2: Tafuta msimu, kisha tazama kalenda ya bamvua

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza kubali jambo moja ambalo matangazo hayalisemi. Maji maangavu kupindukia, yale ya kwenye picha, mara nyingi ni maji yasiyo na chakula. Wanyama wanaokula planktoni huja pale planktoni inapokuwa nyingi, na planktoni ikiwa nyingi maji huwa ya kijani na macho hayafiki mbali. Msimu ambao wenye hoteli wanauita mbaya, wa mvua na upepo, unaweza kuwa ndio wako. Ukimwuliza wakala wa safari "mwezi gani mzuri?" atakujibu mwezi wenye jua. Uliza hivi: "Mwezi gani mnyama huyu anaonekana siku nyingi zaidi?"

Chukua Mafia. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe hujikusanya upande wa magharibi wa kisiwa, karibu na Kilindoni, wakila vijidagaa na vijikamba karibu na pwani. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa sauti waligundua kwamba wengi wao hawaendi mbali hata miezi mingine. Wanahamia tu maji yaliyo nje kidogo ya pwani na ya kina zaidi, ambako boti haziwaoni. Kwa hiyo anayekwenda Julai anaweza kuwa umbali mfupi tu kutoka kwa potwe na asimwone hata mmoja.

Hanifaru, ghuba ndogo katika atoli ya Baa huko Maldivi, inafanya kazi kwa namna nyingine. Pepo za msimu kutoka kusini-magharibi zinapovuma, takribani Juni hadi Novemba, mkondo na maji kujaa husukuma planktoni ndani ya ghuba ambayo haina pa kutokea upande wa pili. Chakula kinajazana pale, na manta huingia kwa makumi wakila kwa kuzunguka. Nguvu ya maji ndiyo inayoleta karamu, kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yaani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huwa na nafasi kubwa kuliko siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Kabla ya kukata tiketi, fungua kalenda ya mwezi na uipange wiki yako ianze siku mbili tatu kabla ya bamvua. Haikugharimu kitu, na wageni wengi hawafanyi hivyo. Ujue pia kwamba mitungi hairuhusiwi Hanifaru. Ni snokeli tu, na eneo zima la Baa liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za biosfia tangu 2011.

Kwa papa nyundo hesabu inageuka, kwani hawa hupenda maji ya ubaridi. Galápagos ina misimu miwili. Juni hadi Novemba maji ni baridi, bahari ina mawimbi, na ndipo papa potwe majike wenye matumbo makubwa hupita Darwin. Desemba hadi Mei maji huwa ya joto na tulivu zaidi, na papa nyundo bado wapo. Cocos nayo husifika zaidi miezi ya mvua, Juni hadi Novemba. Mwaka wa El Niño maji hupata joto kuliko kawaida na papa nyundo huzama chini zaidi. Ukisikia utabiri wa El Niño, fikiria kuahirisha au kubadili mnyama.

Sehemu nyingine hazikupi uchaguzi. Revillagigedo hutembelewa Novemba hadi Mei tu, kwani miezi mingine ni ya vimbunga. Tubbataha ya Ufilipino, katikati ya bahari ya Sulu, hufunguliwa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni basi. Nafasi hujaa mapema sana, wakati mwingine mwaka mzima kabla.

Ukishapata msimu, ongeza siku. Siku moja ya kumtafuta mnyama wa porini ni kamari, na siku nne au tano ni mpango. Upepo utakula siku moja na sikio lako huenda likala nyingine.

Hatua ya 3: Jipime kwa ukweli

Cheti cha kwanza cha mbizi kinakuruhusu mita 18. Cha pili kinakufikisha mita 30, na mwisho wa mbizi ya kawaida ya burudani ni mita 40. Lakini kwa wanyama hawa tatizo la kawaida huwa mkondo kuliko kina. Manta na papa hupenda milango ya atoli na kona za miamba, mahali ambapo maji yanapita kwa kasi yakibeba chakula. Kama hujawahi kushuka kwenye mkondo, usiende kujifunzia Darwin, ambako boti nyingi hudai uonyeshe kumbukumbu za mbizi kadhaa na uzoefu wa mikondo kabla hazijakupokea.

Jiulize haya: unaweza kubaki mita 5 kwa dakika tatu bila kushika kitu, usipande wala kushuka? Unaweza kushuka haraka bila kukawia juu ya maji? Unaweza kurusha boya lako la ishara ukiwa bado chini? Ukijibu "hapana" hata kwa moja, tenga siku za mazoezi mahali patulivu miezi michache kabla ya safari. Na kama hujawahi kushika ndoano ya mwamba, ile butu yenye kamba inayofungwa kwenye jaketi ili uning'inie kwenye mkondo bila kupiga mapezi, omba ufundishwe. Kwenye mwamba wa Blue Corner, huko Palau katika Pasifiki, bila hiyo utapeperushwa tu. Ndoano hushikizwa kwenye mwamba mtupu uliokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai.

Kuna wanaoona snokeli kuwa ya watoto. Waache. Kwa papa potwe na kwa manta wanaokula juu, mwenye snokeli huona zaidi kuliko mwenye mtungi, kwa sababu hana viputo vya kumtisha mnyama.

Hatua ya 4: Kulala nchi kavu au kulala botini

Sehemu nyingine zimekuamulia. Darwin, Wolf, Cocos, Revillagigedo na Tubbataha hufikiwa kwa boti ambazo abiria hula na kulala humo humo. Cocos iko kilomita 550 hivi kutoka bara, na safari huchukua takribani saa 36 kila upande. Kama unatapika baharini, jaribu dawa ya kichefuchefu nyumbani kwanza ujue inakulewesha kiasi gani.

Pengine popote una hiari. Kulala nchi kavu ni nafuu, unapumzika ukitaka, na mwenzako asiyepiga mbizi ana la kufanya. Boti hukufikisha kwenye mwamba alfajiri kabla ya wengine na hukupa mbizi tatu au nne kwa siku. Kama lengo ni manta wa ghuba moja au potwe wa pwani moja, kaa nchi kavu. Boti ni gharama ya bure.

Kuhusu usalama wa boti sitanii. Septemba 2019 boti ya mbizi Conception iliungua usiku pwani ya California na watu 34 waliokuwa wamelala chini ya staha wakafa. Wachunguzi walibaini kwamba hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku. Uliza kabla hujalipa: nani yuko macho usiku? Vyumba vya chini vina njia ya pili ya kutokea, na inafunguka wapi? Betri za kamera na taa huchajiwa wapi? Mwenye boti makini atajibu bila kununa, na siku ya kwanza atakutembeza kwenye njia hiyo ya dharura wewe mwenyewe.

Hatua ya 5: Mchuje mwenyeji wa mbizi

Mwandikie kabla ya kuweka malipo ya awali. Uliza kiongozi mmoja huongoza wazamiaji wangapi. Wanne ni vizuri, wanane ni wengi kwenye mkondo. Uliza kama botini kuna oksijeni ya huduma ya kwanza na chemba ya mgandamizo ya karibu, yaani chumba cha kutibia wazamiaji waliodhurika kwa kupanda juu, iko wapi. Uliza boti ngapi huwa kwa mnyama mmoja kwa wakati mmoja.

Kisha swali linalotenganisha: "Mnawalisha?" Kuna mahali papa potwe wamezoeshwa kulishwa kwa mkono kila asubuhi ili watalii wasikose. Utamwona kweli, hilo halina ubishi. Lakini mnyama aliyezoea boti huisogelea boti, na mapanga ya injini hayachagui. Mimi sipeleki fedha yangu huko. Papa wanaowinda, kama wale wenye milia, ni mjadala mwingine, kwani sehemu nyingi huwavuta kwa vichwa vya samaki. Hapo angalau hakikisha una maelekezo marefu kabla ya kushuka na viongozi wa kutosha mgongoni mwako.

Atakayekuhakikishia mnyama kwa asilimia mia, mwache.

Hatua ya 6: Afya, bima na ndege

Jaza fomu ya afya ya mbizi kwa ukweli, wiki kadhaa kabla. Ukijibu "ndiyo" kwenye pumu, moyo, kifafa au upasuaji wa karibuni, utahitaji sahihi ya daktari, na kisiwani huenda usimpate. Kama unakokwenda kuna malaria, mwambie daktari kwamba utapiga mbizi: meflokwini huweza kuleta kizunguzungu na dalili zinazofanana na ugonjwa wa mgandamizo (viputo vya gesi mwilini baada ya kupanda kutoka kilindini), kwa hiyo wazamiaji hupewa dawa nyingine.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi mbizi, au inaishia kina fulani. Soma maandishi madogo. Unachotaka ni bima inayotaja matibabu ya chemba na kusafirishwa kwa dharura kutoka kisiwani. Divers Alert Network, iliyoanza 1980, ndiyo wengi wanaijua, lakini wapo wengine.

Ndege ina sheria yake. Baada ya mbizi moja isiyolazimu kusimama njiani wakati wa kupanda ili kutoa gesi mwilini, ngoja angalau saa 12 kabla ya kuruka. Ukiwa umepiga mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Mimi huacha saa 24 nzima na sitaki kujadiliana. Kindege kidogo cha kuruka kisiwa hadi kisiwa nacho ni ndege, na kupanda mlima siku hiyo hiyo ni hatari ileile, jambo ambalo wageni wa Galápagos husahau wakienda kutazama volkano mchana wa siku waliyotoka majini.

Hatua ya 7: Mizigo

Mizigo hupotea, na kisiwani hakuna duka la vipimo vyako. Mkobani, si kwenye sanduku, weka miwani ya kuzamia (hasa kama ina lenzi za macho yako), kompyuta ya mbizi, kifaa cha kupumulia, na betri zote za lithiamu, ambazo za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini hata hivyo. Vingine vinakodishwa.

Suti ya mbizi ichaguliwe kwa maji ya huko, usidanganywe na ikweta. Maldivi milimita 3 inatosha. Galápagos, msimu wa baridi, watu huvaa milimita 7 na kofia, na bado hutetemeka. Boya la ishara na filimbi ni vyako mwenyewe, usiazime. Badala ya mafuta ya jua mengi vaa fulana ya mikono mirefu. Palau imepiga marufuku mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe tangu 2020.

Hatua ya 8: Ukiwa naye majini

Manta wengi huonwa kwenye kituo cha usafi. Ukikitazama hakina ajabu: kichwa cha tumbawe kwenye mchanga, na juu yake vijisamaki vya bluu vyenye mstari mweusi ubavuni vinachezacheza. Utasubiri. Halafu kivuli kinakuja kinyume na mkondo, kinapunguza mwendo mpaka kinakaribia kusimama, kinakunjua mdomo, na vile vijisamaki vinapanda moja kwa moja na kuingia kwenye matamvua kuchokonoa vidudu na ngozi iliyokufa. Manta akiridhika anazunguka na kurudi foleni. Anaweza kufanya hivyo nusu saa nzima, madhali hakuna aliyemkera.

Anayemkera ni yule anayempandia juu. Au yule anayekaa chini yake moja kwa moja: viputo vikimpiga tumboni anaondoka, na huenda wenzake wote wakamfuata. Kwa hiyo shuka pembeni mapema, kaa chini karibu na mchanga bila kulalia tumbawe, usizuie njia anayojia, na pumua taratibu. Usimfuate hata hatua moja. Ukitulia, yeye ndiye atakayekusogelea.

Kwa papa potwe, ingia majini polepole bila kurusha maji, ogelea ubavuni mwake, usikate mbele ya mdomo. Umbali wa kawaida ni mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani. Mkia ule ukikugonga utaelewa kwa nini. Hakuna kugusa, hakuna taa ya kamera. Na papa nyundo ni waoga wa viputo kuliko wote: jibanze nyuma ya jiwe, punguza pumzi bila kuizuia, na subiri wapite. Wakati wa kutoka, panda usizidi mita 9 kwa dakika na simama mita 5 kwa dakika tatu, hata kama kundi la pili limetokea chini yako.

Kama una kamera, piga picha zenye kazi. Manta hutambuliwa kwa madoa ya tumboni, kwa hiyo subiri akipita juu yako. Potwe hutambuliwa kwa madoa ya ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua. Programu inayoyalinganisha ilitokana na ile ambayo wanaastronomia walitumia kulinganisha mpangilio wa nyota. Andika siku hiyo hiyo tarehe, mahali, dume au jike, na kovu lolote uliloliona, kisha mpe kiongozi wako picha kabla hujaondoka. Wengi wao wanajua pa kuzituma.